Pikipiki Isiyovuta

Jumatatu, 4 Agosti

Mlima wa Muyenga tena. Gia ya pili, mafuta nimefungua yote, na bado inapanda kwa kujikokota. Katikati ya mlima nikapitwa na boda. Boda yenyewe imepakia akina mama wawili na mkungu wa matoke. Mmoja akageuka kuniangalia kwa huruma. Nimeona aibu mpaka masikioni.

Pikipiki ya silinda nne, iliyoundwa kwa ajili ya mbio. Mlio mzuri. Rangi nyekundu, nzuri. Kuvuta, haivuti. Aliyeniuzia aliapa kwamba ni simba. Labda simba wa sarakasi.

Zubeda mke wangu amenuna. Tangu nilete pikipiki hii anazungumza na kuku wake kuliko na mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Plagi nimebadilisha zote nne. Chujio la hewa nimelitoa, vumbi la Kampala nzima lilikuwa mle ndani. Nikaweka jipya. Mlimani tena. Afadhali kidogo, si zaidi.

Dramani, mwenzangu wa kazi ya zamani, kapiga simu. Anaondoka Jumatatu. Anarudi kwao Arua, na safari hii harudi tena. Tangu wamkate mguu kwa sababu ya sukari, ghorofa ya tatu ya mwanawe kule Bukoto imekuwa jela. Kumshusha chini ni kazi ya wanaume wawili. Arua nyumba haina ngazi. Anafanya vizuri kwenda. Sijapenda hata kidogo.

Akauliza pikipiki vipi. Nikasema inaruka. Basi akafurahi, akasema kabla hajaondoka nimpakie, mara moja tu, tukimbie kama zamani. Nikajibu hilo dogo. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu inaishia Jumatatu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefungua kabureta, nikaziosha, nikazirudisha. Waya wa mafuta unafungua mpaka mwisho. Breki hazijaganda, gurudumu linazunguka huru. Klachi haitelezi. Kila kitu kizima. Hilo ndilo linaloniudhi. Ugonjwa usioonekana unachosha kuliko ugonjwa mkubwa.

Mikono ilifanya kazi, kichwa kilikuwa kwingine. Kilikuwa kwenye misafara. Mimi na Dramani mbele, glavu nyeupe, buti zinang'aa, wakubwa nyuma kwenye magari yenye vioo vyeusi. Watu wanadhani kazi ile ilikuwa kupiga king'ora. Mmoja wetu anafunga njia panda, anasimama katikati kama nguzo, magari yote ya msafara yanampita. Kisha lazima ayapite yeye, moja moja, awahi kuwa mbele kabla ya njia panda inayofuata, ambako mwenzake ndiye anayefunga. Ukiwa na pikipiki isiyovuta unabaki nyuma na vumbi. Sisi hatukubaki nyuma hata siku moja. Nikimwona Dramani anatokea kwenye kioo changu, mkubwa kama nyumba, moyo unatulia.

Nimezikumbuka zile pikipiki mpaka nikasahau bisibisi mkononi. Mzee mzima.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekubali kushindwa, nimempelekea Ssalongo, fundi wa hapa Kansanga. Kapima mgandamizo wa silinda zote. Zote nzima. Kaizungusha barabarani, karudi, kafuta mikono polepole.

"Injini iko fiti, mzee. Labda ni wewe umekuwa kilo mingi."

Wote gereji wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa meno tu. Tumbo langu halizuii pikipiki ya mbio.

Nimefikiria kumwambia Dramani kwamba imeharibika kabisa. Nimefikiria pia kujifanya mgonjwa. Sijawahi kumwogopa mtu kama ninavyoiogopa siku ya kumpakia, tupitwe na akina mama na matoke yao, naye akiwa nyuma yangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala nimekwenda Bukoto. Niliamua kusema kweli.

Mwanawe na jirani walimshusha kwa ngazi, wakamketisha kwenye kigoda uani, kisiki cha mguu amekinyoosha mbele. Amekonda. Macho ni yale yale. Akaniambia niwashe. Akasikiliza. Nikamweleza yote, tangu mlima mpaka Ssalongo. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alikuwa anaangalia gurudumu la nyuma, maana pale kwenye kigoda ndilo lililokuwa mbele ya pua yake.

"Afande, hii kitu ya meno hapa nyuma, mbona iko kidogo hivi?"

Sproketi. Kile kisahani cha meno kinachovutwa na mnyororo. Kidogo kweli, kama kisosi. Lazima mwenye nayo wa kwanza aliweka kidogo makusudi, ili apunguze mafuta kwenye safari ndefu. Gia zote zikawa ndefu, za kasi bila nguvu, injini inahangaika kama mtu anayebeba gunia kwa mkono mmoja.

Siku nne nimefungua kila kitu ila mnyororo. Na sababu naijua. Zile pikipiki zetu za kazi hazikuwa na mnyororo, nguvu ilipita kwenye chuma ndani ya bomba. Kwa hiyo jicho langu likifika pale linaruka tu. Nilikuwa natibu pikipiki ambayo sinayo.

Dramani akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba yeye ameinamishwa na madaktari. Tukacheka mpaka mwanawe akatoka kuona kuna nini.

Jumamosi, 9 Agosti

Soko la vipuri la Kisekka asubuhi, duka hadi duka. Sproketi kubwa ikapatikana, matundu hayalingani. Katwe, fundi akatoboa mengine. Mnyororo wa zamani mfupi, kurudi Kisekka kutafuta mrefu. Jua kali. Mgongo unauma. Jioni nikaijaribu Muyenga na gurudumu la mbele likataka kuondoka ardhini. Nimepiga kelele ndani ya kofia kama mjinga.

Nilipokuwa nanawa, Zubeda akaja na leso yake, ile nzito. "Kwa mguu mmoja hawezi kujishika vizuri. Mfunge na hii." Maneno yake ya kwanza ya maana wiki hii. Nimempenda sana.

Jumapili, 10 Agosti

Alfajiri, barabara tupu. Dramani nyuma yangu, amefungwa kwangu kiunoni kama mtoto. Tulipoingia Bypass, ile barabara ya kuzunguka mji, nikafungua mafuta yote.

Sitaweza kuandika vizuri. Iliruka nasi. Upepo ukaziba masikio, na yeye akawa ananipiga begani, pa, pa, pa, ile ishara yetu ya zamani kwamba njia iko wazi, ongeza. Nikaongeza. Nilikuwa nalia, na upepo ulinisaidia.

Karibu na Busega tukasimama. Nikamwuliza, umeona? Kama zamani.

Akatikisa kichwa. "Hapana, afande. Zile yetu hapana kimbia hivi. Hata nusu. Zile ilikuwa zito kama ng'ombe. Sisi tu ndiyo tulikuwa vijana."

Nikabisha. Akanikumbusha siku gari la mboga lilipotupita Mukono tukiwa na king'ora. Nilikuwa nimeisahau siku hiyo. Hapana, nilikuwa nimeificha. Nimekasirika mpaka Bukoto. Naye nyuma yangu alikuwa anaimba.

Hasira imeisha sasa. Ni kweli, zilikuwa nzito.

Jumatatu, 11 Agosti

Basi la Arua limeondoka saa mbili. Wamempandisha kwa mlango wa nyuma, wakampa kiti cha dirishani. Hatukuagana sana. Aliniambia nipake mnyororo mafuta kila wiki. Nikamwambia apime sukari kila asubuhi. Basi likaanza kurudi nyuma, watu wakawa wengi kati yetu, sikumwona tena.

Pikipiki inavuta. Kutoka mjini mpaka Kansanga nimekaa nyuma ya lori la matofali, sikulipita.

Zubeda akauliza mbona nimechelewa. Nikasema foleni. Njia ilikuwa wazi.