Mbuna wa Rangi ya Majivu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na mvua hizi? Na yule mbuzi mkorofi, bado anakutafunia kanga kwenye kamba? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya Ujerumani haina adabu, inaingia hadi kwenye meno.

Kazi ni ileile ya kutunza samaki wa mapambo. Mbuna wetu, wale samaki wadogo wa ziwani wa mawe ya Mbaha, wanaletwa hapa kwa ndege wakiwa hai. Nikisema nyumbani tunawala na ugali, watu wananitazama kama mchawi.

Sasa sikiliza kilichonitia hofu. Tajiri alibadili taa akaweka za rangi ya chungwa, eti wateja wanazipenda. Chini ya taa zile dume wa bluu na dume wa kijani wote wanaonekana weusi. Mama, mbuna jike si mjinga. Kwenye maji maangavu anampita dume wa aina nyingine kama hamwoni, anamfuata wa kwake kwa rangi. Hapa alishindwa kumjua. Walizaliana ovyo, na watoto wakatoka rangi ya majivu, hawafanani na baba wala mama. Tajiri alipowaona alirudisha taa nyeupe. Taa inarudishwa, lakini mlima je?

Kaka Kassian aliniandikia kwa furaha. Anasema tangu biashara iwe huria mbolea ya mkopo hakuna, kahawa ya wajomba hailipi, basi amefyeka mlima wote ulio juu ya ghuba yetu alime mahindi. Nilimuuliza kama amechimba ngoro. Akanijibu, "Mdogo wangu, mashimo hayo ni ya wazee wa Mapera. Mimi napiga matuta ya kushuka, nimalize mapema." Akaongeza kwa mzaha kwamba siku hizi ghuba ni chai ya maziwa. Mimi sikucheka, maana kwenye maji ya tope mbuna haoni rangi. Wewe ndiye uliyezaliwa Mapera kule milimani, ukatufundisha kulaza nyasi, kuzifukia na kuacha shimo katikati ili maji ya mvua yatulie, yasishushe udongo ghubani.

Nilitaka tu umkanye. Lakini jana limefika sanduku jipya la mbuna ambao Kassian mwenyewe aliwazamia pale ghubani. Nilifungua mfuko wa kwanza, nikafungua wa pili. Tajiri akachungulia, akafoka, "Kwa nini umewachanganya na wale wa taa?"

Sikuwachanganya, mama. Wametoka nyumbani wakiwa na rangi hiyohiyo ya majivu. Mpaka sasa naogopa.

Nisalimie shangazi Melania, anayeanika dagaa wetu wa usipa, na katekista wetu anayekusomea barua, mwambie ajibu hata kwa mistari miwili. Wajomba wa Mapera wape shikamoo zangu, na uwaombe washuke na majembe.

Kassian usimsalimie. Najua magoti yako, lakini panda naye huo mlima, umsimamie mpaka achimbe shimo la mwisho.

Mwanao,
Odilia