Mguu wa Divine

Jumatatu, 2 Agosti 2021

Darasa kwenye kompyuta tena. Leo tulipima uti wa mgongo. Mwalimu ana mgongo wa mumewe, mimi nina mto. Nimeukanda mto wa Shangazi hadi pamba yote imehamia upande mmoja. Kliniki ya chuo kule Parramatta imefungwa tangu lokdauni ianze. Mwaka wa nne huu, kazi ya mikono, na hakuna mtu wa kugusa.

Shangazi alirudi kutoka Seven Hills anakouguza wazee, akaukuta mto ulivyo. Aliupigapiga, akaenda nao chumbani.  Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 4 Agosti

Baba kapiga simu kutoka Nakuru. Anawatangazia watu kwamba bintiye ni daktari kama Kimani. Kimani ni binamu yangu, osteopath huko Marekani, na huko osteopath ni daktari kamili. Anaandika dawa, analaza wagonjwa. Ndiye aliyenitia hamu. Hapa Australia sivyo. Hapa tunatibu kwa mikono: mgongo, viungo, misuli. Dawa hatuandiki. Nimemweleza Baba tangu mwaka wa kwanza. Hunisikiliza vizuri mpaka mwisho, halafu huniambia, haya daktari, ubarikiwe.

Leo kauliza kama nachanja watu. La. Kama nawatibu wenye korona. La. Akaniaga. Nimeumia, na sijui nimemkasirikia nani.

Jumapili, 8 Agosti

Ibada kwa simu. Baada ya amina tu, Shangazi akaanza: hamia uuguzi. Wauguzi wanatafutwa hata dunia ikifungwa. Siku ya mwisho ya kujiondoa kwenye masomo ni mwisho wa mwezi huu. Anasema kweli, na ndiyo maana ananiudhi.

Asubuhi nataka kuhama. Jioni sitaki. Nilimwandikia Kimani kuomba ushauri. Kajibu kwamba amechoka kuona watu wakifa, anatamani siku moja tu ya kushughulikia mgongo wa mtu. Haikunisaidia hata kidogo.

Jumatano, 11 Agosti

Mama Divine kaniita uani. Ni jirani yetu, ua unatutenganisha tu. Mrundi, kaishi miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Binti yake Divine kajifungua kwa upasuaji wiki iliyopita, na mama mtu anamkanda kwa maji moto asubuhi na jioni. Hata kwetu nyanya aliwakanda waliojifungua hivyo. Sasa mguu wa kushoto umekataa kulegea. Kaukanda siku mbili, bado mgumu. Kasema kesho niende na mikono yangu ya shule.

Nilifurahi. Sijisifu, lakini nilifurahi sana. Shangazi kasema kumsaidia mgonjwa kunaruhusiwa, nivae barakoa na nisijifanye mjuaji.

Alhamisi, 12 Agosti

 Nitaandika kila kitu kwa mpangilio.

Godoro sebuleni. Beseni linatoa mvuke, taulo, mafuta. Mtoto kalala kwenye kochi. Nilipiga magoti, nikaangalia miguu yote miwili kwanza, ndivyo tulivyofundishwa. Wa kushoto umevimba kuanzia goti kushuka. Ngozi inang'aa. Nikaugusa kwa mgongo wa kiganja: moto, na taulo lilikuwa bado halijaufikia. Maumivu wapi? Kwenye shavu la mguu. Pumzi je? Divine kasema asubuhi alipanda ngazi akahema kama mzee.

Nikarudisha mikono yangu mapajani. Kama damu imeganda ndani ya mshipa, kuukanda mguu kunaweza kuling'oa donge likaenda mapafuni. Na mguu ule umekandwa siku mbili.

Nikasema usiguswe tena, tupige sifuri tatu, namba ya dharura ya hapa, gari la wagonjwa lije. Mama Divine akakataa. Hospitali ina korona. Hawataruhusu mtu kumwona. Na mitaani kuna askari wa jeshi, naye askari anawajua. "Bon, mimi nilikuita kutibu ama kushtaki?"  Nikampigia Shangazi kazini. Sikuwa nimemaliza kueleza, akasema piga sasa hivi.

Nikapiga, Mama Divine akinitazama usoni.

Walikuja wamevaa plastiki kichwa hadi miguu. Majirani wote barazani. Divine na mtoto wakachukuliwa. Mama Divine akabaki mlangoni na kitenge cha mtoto mkononi, kisha akaufunga mlango, mimi nikiwa bado hapo nje.

Ijumaa, 13 Agosti

Kundi letu la kanisa kwenye simu limechachamaa. Mmoja kaandika Divine ana korona. Mwingine kasahihisha: hapana, ni yule binti Mkenya wa mifupa, aliitwa kukanda akaogopa kugusa. Miaka minne ya chuo kujifunza kuogopa mguu. Wakacheka kwa vikatuni.

Nimekasirika. Halafu nikaanza kufikiri, je, kama ni msuli tu? Nimezirudia dalili zote kitabuni. Nikisoma naona nilikuwa sahihi. Nikifunga kitabu naona nimemtenga mama na bintiye bure. 

Jumapili, 15 Agosti

Hakuna habari. Nguo za mtoto ziko kwenye kamba kwa Mama Divine tangu Alhamisi. Hajazianua.

Nilimsimulia Baba. Akauliza nilimpa dawa gani. Sikumpa. Nilimfanyia nini basi? Nikasema, sikumfanyia kitu, Baba, nilikataa kumkanda.  Akasema mtandao ni mbovu. Haukuwa mbovu.

Jumatano, 18 Agosti

Divine kapiga mwenyewe. Damu iliganda kweli, na kipande kidogo kimefika kwenye pafu. Anapewa dawa ya kuzuia damu isigande. Anapona. Mtoto ananyonya.

Nililia jikoni. Shangazi kanipa chai, leo bila habari za kuhamia uuguzi. Nilidhani nikijua nitatulia. Sikutulia. Divine hajamwambia mama yake kuhusu hatari ya kukanda. Kaniomba nimwambie mimi. Kwa nini mimi? Namwambiaje mzazi kwamba ile huduma yake ndiyo ingeweza kumuua mwanawe?

Jumanne, 31 Agosti

Divine karudi tangu Ijumaa. Nimekuwa nikimkwepa Mama Divine siku zote hizi, natoa takataka mbio kama mwizi.

Leo mchana kaniita. Barakoa usoni. Kaweka sufuria ya maharage na ndizi juu ya ua, akarudi nyuma. Akauliza Shangazi hajambo, kazi inaendaje. Kisha akauliza alichokuja kuuliza. Kumbe nesi alishamweleza. Je, ni mikono yake iliyopeleka donge kwenye pafu?

Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri wiki mbili. Nikasema, sijui, Mama. Hakuna anayejua. Pengine lingeenda lenyewe. Akaitazama mikono yake. Nilitaka kuruka ua nikamshike, na hairuhusiwi.

Akasema basi nimfundishe. Wapi akande, wapi asikande.

Nikakunja suruali, nikaweka mguu juu ya ndoo. Yeye upande wake akapandisha kitenge. Angalia yote miwili kwanza. Gusa kwa mgongo wa kiganja. Uliza kabla ya kuweka nguvu. Alinifuatiza kila kitu kwenye mguu wake, polepole, na nilipokosea mpangilio alinisahihisha. Jirani wa mbele aliacha kukata nyasi akatutazama. Tulikaa hapo mpaka baridi ikatufukuza.

Maharage yalikuwa ya mawese. Shangazi na mimi tumeyamaliza. Bado sijui nimweleze Baba mimi ni nani.

Nilikuwa nasugua sufuria ndipo nikakumbuka leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kujiondoa. Ofisi ya chuo ilishafungwa. Nikaisuuza sufuria, nikaifuta, nikaiweka karibu na mlango ili kesho nimrudishie.