Taa ya Samaki na Macho ya Washenga

Kolwezi, Commune ya Manika
Tarehe 14 Agosti 2024

Mpendwa kaka Asani,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Manika. Natumaini huko Kindu mnaamka salama, shemeji hajambo, na kifua cha mtoto wenu kimetulia. Sisi wazima wa mwili, Alhamdulillah. Vumbi la kiangazi linaingia mpaka kwenye sahani, lakini hilo tumelizoea. Mama yako, mzazi wetu sote wawili, hajambo. Nalisema mapema kwa sababu jambo lenyewe linamhusu yeye, na sitaki usome ukitetemeka.

Kwanza nijibu swali lako. Uliniuliza juu ya ile taa ya UV ya kusafishia maji ya akwariamu, kama inafaa kwa samaki wako wa dukani. Nunua, ni kitu kizuri. Hapa kwetu maji yalikuwa yamegeuka kijani kama sombe ya majani ya muhogo iliyolala, na harufu yake usiseme. Mgeni akiingia salon, pale sebuleni, anashika pua. Nikitia mkono kutoa uchafu, unatoka na utelezi mpaka kwenye kiwiko. Ptuu! Mume wangu, Baba Nuru, ndiye aliyelileta lile sanduku la kioo nyumbani, kwa sababu matajiri wenzake wa malori wanalo, lakini mkono wake hajawahi kuutia humo.

Tulikwenda pamoja kwa Mechack, muuza samaki wa mapambo pale karibu na soko. Mume wangu alitaka taa kubwa kuliko zote. Mechack akamwambia taa huchaguliwa kwa ukubwa wa akwariamu, si kwa ukubwa wa mwenye nayo. Maji yapite kwanza kwenye chujio, halafu pampu iyasukume polepole ndani ya bomba lenye taa. Yakikimbia, vijidudu vinapita vikiwa hai. Kile kioo chembamba kinachoifunika taa ukipanguse kila mara, maana utando ukikaa mwanga haupenyi. Baada ya mwaka hivi badilisha taa hata kama bado inawaka, nguvu yake inakuwa imekwisha. Ukitia dawa ya samaki, izime kwanza. Na usidhani itamponya samaki aliyekwisha kuugua, inaua kinachoelea majini tu. Kubadilisha maji kuko palepale, kaka, hakuna taa ya kukuondolea kazi hiyo.

Neno la mwisho Mechack alilirudia, sote wawili tukiwa mbele yake: "Tata, hii taa inakaa mu tuyo, mu bomba yake. Ukiitosha inje na kuiwasha, itaunguza macho ya batu. Haiume palepale, inauma kisha." Baba Nuru akaitikia, "Nimesikia, nimesikia." Alisikia, nakuapia.

Basi maji yakatakata, ukaweza kuona hata magamba ya samaki. Ndipo ikaja ile Jumapili ya washenga. Mzee Ramazani alileta wazee wake kumposa Faida, mdogo wetu, kwa ajili ya kijana wao anayeendesha lori la madini la Kingamyambo. Desturi yetu unaijua: wanaume salon, wanawake uani kwenye masufuria. Mimi na mama yako tulikuwa tunasonga bukari. Baba Nuru, peke yake huko ndani, akaona ile taa inafichwa bure kwenye bomba jeusi. Akaitoa, akaifunga juu ya akwariamu, ikamwaga rangi ya buluu salon nzima. Eti washenga waone kwamba nyumba hii ina kitu! Yeye akakaa kwenye kiti chake, ameipa taa kisogo, na wazee wa watu akawaelekeza hukohuko. Wakatazama samaki mchana kutwa wakisifu. Mama yako aliingia mara moja tu, kuwanawisha mikono.

Mimi niliiona taa wageni walipokwisha kuondoka, bado inaning'inia. Nilipiga kelele. Akaizima, akasema mbona hakuna aliyekufa.

Jioni ile macho ya wazee wote yakawaka moto. Mtu anahisi ametiwa mchanga na pilipili ndani ya jicho, machozi yanatiririka, mwanga hautazamiki. Kwanza wakasema ni vumbi la mgodi wa Mashamba. Lakini mbona wake zao waliokaa uani ni wazima? Wakaanza kuulizana nani mwingine aliingia mle salon na macho yake hayaumi. Kaka Asani, unaona walikokuwa wanaelekea. Mwanamke mzee, mjane, ndiye aliyewamwagia maji mikononi. "Ule mama mukongwe ametuloga." Neno likazunguka Manika nzima, mpaka wenye taksi-moto wakakataa kumbeba kwenda sokoni. Mawe yakaanza kuanguka juu ya bati letu. Unajua hapa kwetu kikongwe akishatajwa hivyo, kinachofuata ni nini.

Nikamwambia mume wangu, nenda kaseme. Akajibu macho yatapona yenyewe na maneno yatakwisha, yeye hawezi kuonekana mjinga mbele ya wakwe. Nilimtazama akila wali aliopika mama yako, analamba vidole, kinyaa kikanishika. Yale maji ya kijani niliyavumilia. Hili, la!

Wazee walipopata nafuu wakaitisha kikao kwa mzee Ramazani. Ama mama yako aondoke Kolwezi, ama posa ivunjike. Mama yako akaketi mkekani, mikono juu ya magoti. Baba Nuru alikaa na wanaume, amefunga kola mpaka kidevuni na joto lote lile. Nilingoja aseme. Niliendelea kungoja hata walipomwuliza mama yako alitia nini kwenye maji ya kunawa. Akajibu, "Nilitia maji, baba. Maji tu."

Basi, sikungoja tena. Niliinuka, nikapita katikati ya wanaume, nikaishika kola ya mume wangu nikaivuta chini. Kisogo kizima kimeungua, ngozi inabanduka! Nikasema, "Bazee, mulozi wenu ni huyu. Alitosha taa mu tuyo. Mechack alimukataza, na mi nilikuwa pale." Wakampigia Mechack simu, naye akasema vilevile. Baba Nuru akaipandisha tena kola yake. Aibu gani ile, kaka, na wala sikumwonea huruma.

Mzee Ramazani alishuka kitini, akapiga goti mbele ya mama yako, akamwomba radhi. Wenzake wakafuata. Posa imepokelewa, na harusi itakuwa mvua zikianza. Faida analia na kucheka kwa wakati mmoja.

Ningependa kuishia hapo. Lakini jana mama yako alikunja nguo zake. Nilimbembeleza sana, nikamwambia wazee wamekwisha kuomba radhi. Akanijibu taratibu, "Bale bageni sina neno nabo, habakujua. Ule wa humu ndani alijua."

Anaondoka Ijumaa na lori la tajiri Badibanga mpaka Kamina, halafu atashika treni ya kuja kwako. Barua hii nampa Amani, jirani yetu anayepanda ndege kesho, ikufikie kabla yake. Nenda stesheni mwenyewe, usitume mtu. Usimwulize kitu mpaka aanze yeye.

Leo amepika kwa mara ya mwisho hapa. Ametenga sahani ya Nuru, ya Faida na yangu. Ya Baba Nuru hakuiweka. Mume wangu alikaa pale mezani akitutazama tunakula, na hakuthubutu kuuliza.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na mama mkwe wako pia. Nuru anakusalimu, anasema babu zake wa Kindu wasimsahau. Mungu amfikishe mama salama, na akulindie nyumba yako isiingiwe na uoga wa namna hii.

Dada yako anayekupenda, ingawa leo moyo wake ni mchungu,

Bilkisi