Kwa Nini Ulimtoa Yule Beki

Quibdó, Jumatatu

Dada Nohemí mpendwa,

Huku hatujambo. Mvua haikatiki, na mama bado anakaanga ndizi nyingi kana kwamba upo.

Fainali yenu tuliitazama kwa jirani yetu Eustorgio. Ulipomtoa beki wako bora mkiwa mnaongoza, sebule nzima ilikuzomea.

"Kocha gani huyu? Amelogwa!" alifoka Eustorgio. Mliposhindwa, akazima televisheni.

Mimi nilijiuliza kwa sauti uliona nini. Yule binti hakuanguka wala hakuomba kutoka.

Aliyejibu ni baba, ambaye hakuwa amelitaja jina lako tangu ulipokwenda Medellín kucheza mpira. "Alikuwa anaburuta mguu," alisema. "Nohemí naye aliburuta hivyohivyo, kocha wake akamwacha uwanjani mpaka goti likaharibika, asicheze tena."

Dada, nilivyojua mimi, siku ile ulipoumia hakuwepo hata mmoja wetu. Njiani nikamuuliza, "Baba, ulijuaje?"

"Nilipanda basi, nikakaa jukwaani nyuma kabisa," alisema. "Hebu mwandikie. Muulize yule binti anaendeleaje."

Basi nimeuliza. Lakini jibu usiniletee mimi, dada. Mwandikie yeye.

Mdogo wako akupendaye,
Edilma