Peugeot 404 ya Baba, Moja kwa Ishirini na Nne

Jumatatu, 29 mwezi wa saba 2024. Butembo

Sanduku limefika. Dada yangu Christa amelituma kutoka Liège, kwa mkono wa mke wa mchungaji aliyekuwa likizo huko. Nilidhani ni viatu. Nikafungua: vipande vya plastiki nyeupe, mia moja na kumi na nane, bado vimeshikana kwenye fremu zake. Picha juu ya kifuniko – Peugeot 404, kipimo cha 1/24. Ile ile ya Baba. Na karatasi ya Christa: "Ile kubwa uliuza. Jenga hii ndogo."

Dada zetu hawana huruma.

Niandike mambo jinsi yalivyo, nisije nikajidanganya hata humu. Miaka miwili iliyopita niliuza gari la Baba kwa watu wanaokusanya vyuma vizee. Lilikuwa nyuma ya nyumba hii, juu ya mawe, halina injini, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Baba na Mama walikwisha kuhamia Beni, kule Mulekera. Sikumwuliza. Nilitaka nafasi ya tanki la maji. Baba alipokuja kututembelea alizunguka nyumba, akaona tanki, akarudi sebuleni, akamaliza chai yake.

Tangu siku hiyo hajanisemesha. Kusema anasema, tena sana, ila kupitia kwa Mama. Mimi nimeketi mbele yake, magoti yetu yanakaribia kugusana, naye: "Mama Zoro, umuulize mugeni kama atakula."

Mgeni ni mimi. Zorobabel, mtoto wake wa kwanza, miaka hamsini, mwenye upara.

Baba ana miaka themanini na miwili. Gari hilo aliliendesha teksi, Butembo–Beni, miaka kumi na minne. Ninachotaka ni kimoja: anisemeshe kabla hatujachelewa. Hata kwa kunitukana. Lakini mimi, si kupitia mtu.

Jumatano, 31 mwezi wa saba

Nimeanza. Ni likizo, muda upo. Na kazi hii ni yangu hasa: miaka kumi na tisa nafundisha dessin technique, michoro ya ufundi. Wanafunzi wananiita Monsieur Millimètre. Wanadhani sijui.

Leo Monsieur Millimètre amejibandika kidole gumba kwenye kapo, kifuniko cha injini. Kidole kimetoka, alama yake imebaki. Mistari yote inaonekana vizuri. Nikipotea, watanitambua kwa hiyo.

Mke wangu Jokébed akapita na beseni. "Papa Esdras, uko nafanya nini?" (Esdras ni kifungua mimba wetu, anasoma Kisangani.) Nikamwambia ninaunda gari. Akatazama meza, akanitazama mimi. "Njo vizuri. Mais toiture ya jikoni inavuya tangu Pasaka, na ile iko kubwa, utaionaka bila lunette."

Nikasukuma miwani juu ya pua. Paa lingoje. Nilikuwa na gundi kwenye mdomo.

Jumapili, 4 mwezi wa nane

Baada ya ibada nilimfuata baba mdogo Kasonia, ndugu wa Baba anayemfuata. Kwetu mtoto haendi kuomba msamaha kwa baba yake peke yake. Anapelekwa na ndugu wa baba, tena na mbuzi. Nikamweleza mpango wangu wote.

"Mbuzi iko wapi?" akauliza.

Nikasema sina mbuzi, nina gari. Akafurahi, akadhani nimempatia Baba gari. Basi nikamleta nyumbani, nikamwonyesha. Akalishika kwa vidole viwili.

"Zoro, hii haipikwe."

Tumeelewana: mbuzi na gari, vyote viwili. Jumamosi ya tarehe 24, kabla shule haijafunguliwa. Ameniangalia kwa huruma wakati wa kuagana. Huruma ile ile ninayowaangalia nayo mimi wazazi wa watoto walioshindwa mtihani.

Jumanne, 6 mwezi wa nane

Rangi. Sikufikiria rangi!

Picha tuliyo nayo ya gari lile ni moja, nyeusi na nyeupe. Mama kwenye simu: ilikuwa kama maziwa. Kasonia: kijani ya jani la mgomba, na ameapa. Christa: nyeupe, lakini injini ilipokufa yeye alikuwa na miaka minne. Na mimi niliyepanda gari hilo utoto wangu wote, niliyeliuza kwa mkono wangu, ninakumbuka kutu.

Nikamwomba Mama amuulize Baba. Nikasikia sauti yake kwa mbali, fupi. Mama akarudi kwenye simu, anasita.

"Anasema: ule mwenye aliuzisha, yeye akumbuke."

Nimekasirika mchana kutwa. Hasa kwa kuwa ana haki.

Ijumaa, 9 mwezi wa nane

Niliamua kumfuata Mama: maziwa. Jokébed ana vernis ya kucha ya rangi hiyo, anaiweka kwa ajili ya arusi. Niliichukua bila kuuliza – naona sasa kwamba nina tabia hiyo. Nikapaka mlango wa nyuma wa kushoto. Tone moja likamwagika pembeni. Nikalipangusa kwa dissolvant, dawa ya kutoa vernis, kama wanawake wanavyofanya.

Plastiki si ukucha. Mlango ukalainika, ukajikunja kama utando juu ya maziwa ya moto. Nikauvuta ili niunyooshe, ukafuata kidole.

Jokébed alicheka mpaka akaketi chini. Sijamwona akicheka hivyo tangu Esdras aondoke. Kisha akafuta machozi na kuuliza vernis yake iko wapi.

Jumatano, 14 mwezi wa nane

Bomba la tanki linavuja. Nikaingia nyuma yake, kati ya tanki na ukuta, ambapo mtu mwenye tumbo kama langu hana sababu ya kuingia. Nikiwa nimekwama pale, nikaona mstari kwenye matofali. Kwenye usawa wa goti, mrefu kama mkono.

Ni rangi. Siku ile ya mwisho gari lilipoingia hapa kwa nguvu zake lenyewe, Baba alirudi nyuma mno, akakwaruza ukuta. Bluu. Bluu iliyochanganyika na kijivu, kama mawingu ya saa tisa mvua ikikaribia. Si maziwa, si mgomba, si nyeupe.

Na hapo nikakumbuka yote. Kiti kilichonichoma mapajani, harufu ya petroli, mimi nyuma ya Baba naangalia shingo yake safari nzima, maana sikuona kitu kingine. Miaka miwili nakuja hapa kila asubuhi na ndoo. Sijawahi kutazama ukuta.

Nililia. Kidogo tu, nafasi yenyewe haikuruhusu zaidi. Kisha nikaenda kuchukua patasi, nikatoa tofali.

Jumamosi, 17 mwezi wa nane

Nimekwenda kwa Kamate, fundi anayepaka rangi malori ya wafanyabiashara. Kabati lake limejaa makopo. Nikamwekea tofali mezani, nikamwambia nataka rangi hii, hii kabisa.

Akalikwaruza, akalilowesha kwa mate, akalipeleka juani. Akasema anaweza. "Gari iko wapi, mwalimu? Iingie ndani."

"Iko mu mufuko."

Mafundi wake watatu waliacha kazi. Nikaitoa. Wakasogea wote. Kisha Kamate akaniuliza, kwa heshima zote, kama nataka pia niandikiwe kitu nyuma, kama malori: "Mungu Njo Dereva," au kadhalika. Nikasema hapana, asante. Akaipaka mwenyewe, kwa bomba la hewa, akiwa ameishika kwa koleo. Alama ya kidole changu ilibaki chini ya rangi. Amesema angeweza kuipiga msasa, lakini inaonyesha kazi ya mkono.

Alhamisi, 22 mwezi wa nane

Imekwisha. Vioo vimekaa, magurudumu yanazunguka, paa limebandikwa. Mlango wa nyuma bado una mikunjo, lakini teksi gani ya Butembo haikuwa na mlango uliokunjamana?

Nimeiweka dirishani, nimeitazama nusu saa. Ni nzuri. Ninajivunia. Jokébed mwenyewe amekuja mara mbili kuitazama akijifanya anafagia.

Jumamosi, 24 mwezi wa nane. Beni

Nina hasira, nina aibu, na sijui kama nina furaha. Niandike kwa mpangilio.

Tumetoka asubuhi, mimi na Kasonia, mbuzi kwenye buti ya teksi, gari ndani ya kartoni ya viatu juu ya magoti yangu. Kwenye kizuizi mwanajeshi akataka kuona kartoni, akauliza kwa Kilingala ni nini. "Papa, oyo nini?" Nikafungua. Akaitoa, akaisukuma kidogo juu ya ule mti wa kizuizi, mbele na nyuma. Kisha akaniomba karatasi za gari, akacheka peke yake, akatuacha tupite.

Baba alikuwa kwenye kiti chake barazani, Mama pembeni. Kasonia akasimama, akasema maneno yanayopaswa: mutoto wako amerudi, alikosa, hakuja mikono bure. Baba akamsikiliza hadi mwisho. Mbuzi hakumtazama kabisa. "Mama Zoro, wafunge ile mbuzi kule, inakula maua."

Nikamwekea kartoni magotini, nikarudi nyuma. Nikasimama wima kama mwanafunzi. Hamsini, na upara!

Akaitoa taratibu. Akapitisha kidole juu ya kapo, juu ya paa, kwenye ubavu. Muda mrefu. "Mama Zoro," akasema, "rangi njo hii." Mama akajifunika mdomo kwa kitambaa. Mimi nikasogea hatua moja.

Kisha akaipandisha hadi kwenye jicho lake la kushoto, ndilo linaloona, akachungulia kwenye kioo cha mbele. Uso ukabadilika. Akaishusha. Akanitazama. Mimi.

"Weye. Dereva wa hii gari anaikalaka upande gani?"

Kwenye sanduku kulikuwa na vipande viwili vya mbele: kimoja usukani kushoto, kingine usukani kulia. Nilichukua cha kulia bila kufikiri hata kidogo. Gari gani hapa Butembo leo lina usukani kushoto? Yote yanapita Kampala, usukani kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, abiria wa mbele anashukia katikati ya njia, tumezoea, hatuoni tena. Lakini 404 ya Baba ilitoka kwa Mbelgiji. Usukani kushoto. Miaka kumi na minne mtu huyu ameketi kushoto, na mimi nyuma yake, kushoto, namwangalia shingo. Nikamtia kwenye kiti cha abiria.

Monsieur Millimètre. Miaka kumi na tisa ya "someni plan kabla ya kukata".

Nikasema, "Nilikosa, Baba."

"Hii ni gari ya Kampala," akasema, lakini sasa kwa Mama. "Umurudishie mugeni gari yake." Akaingia ndani.

Kasonia ananiambia nisihuzunike. Amehesabu kwa vidole: maneno manane. Amenisemesha maneno manane. Nikamwambia yalikuwa ya kunigombeza. Akasema, sasa wewe ulitaka nini, akuimbie?

Jumapili, 25 mwezi wa nane. Beni

Magari ya Butembo hayakutoka leo. Wanasema njiani si shwari, labda kesho. Kasonia amekwenda kwa rafiki yake. Nimebaki mezani barazani, na gari la Kampala mbele yangu.

Saa nne Baba ametoka. Ana wembe mkononi. Amevuta kiti, ameketi kando yangu, si mbele yangu. Akaweka wembe juu ya meza.

"Toa juu."

Nikasema paa limeshikana, litapasuka. "Ipasuke." Nikakata pole pole, yeye akishika. Lilipasuka kweli, kona ya nyuma. Akaweka kipande kando. Akaingiza ukucha wake mrefu wa kidole kidogo, akang'oa usukani mzima na kipande chake, akaupuliza vumbi.

"Ulikuwaka unaikala wapi?"

Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Nyuma ya dereva.

"Njo pale. Ulikuwa unatapika njiani pa Maboya kila safari."

Nikasema si kila safari, Baba.

"Kila safari."

Kisha akataka gundi. Nikamwambia gundi imebaki Butembo. Na kipande kile kingine? Butembo pia, bado kwenye fremu, juu ya kabati. Nikasubiri amwite Mama. Mama alikuwa mlangoni na sahani ya mihogo, amesimama tu, akisubiri naye. Baba hakugeuza kichwa. Amechukua kile kipande cha paa akakitia kwenye mfuko wa shati, na usukani juu yake, akafunga kifungo.

"Utarudia siku gani?"

Nikafungua mdomo. Akainua mkono, ningoje, anataka kuona kwenye kalenda ya kanisa, kwanza atafute miwani. Nasikia droo zinafunguliwa ndani. Mama ameketi kwenye ngazi na sahani yake, hanitazami. Naandika haraka. Tarehe mbili shule inafunguliwa, tarehe saba tuna mkutano wa walimu, tarehe kumi na nne – lakini hapana, mkutano wanaweza kuufanya bila mimi, nitasema saba, nyayo zake zinarudi, nitasema tarehe sa –