Aliyekuja Kuomba Moto

Kamwene, mjukuu wangu Neema. Huku Iringa baridi imeingia, na tangu bibi yako atutoke naota moto peke yangu. Shangazi yako amejifungua salama.

Umeniuliza kutoka huko Uyole nani alichoma nyumba za kijiji chetu cha zamani, watu walipohamishwa miaka ya sabini. Wenzangu walikuwa wakijibu, “Amri ilitoka juu,” mpaka wakafa wote. Mimi nilikuwa mgambo. Tuliambiwa tuchome ili watu wasirudi. Nyumba ya Mama Tulia, jirani yetu mjane, niliiwasha mimi, mwenyewe akinitazama. Alikuwa ameifagia asubuhi ile.

Jioni ya kwanza katika kijiji kipya, alikuja kwetu na kigae mkononi.

“Mwanangu, naomba moto.”

Nikamwekea makaa. Akashukuru, akaenda kupika. Aliishi miaka mingi jirani yangu, na sikuwahi kumwomba radhi.

Kwa hiyo ukiulizwa, usiseme amri ilitoka juu. Sema, “Babu yangu alikuwemo.”

Ni mimi babu yako, ambaye kila jioni naacha mlango wazi, ingawa hakuna tena anayekuja kuomba moto.