Bima Isiyofika Uwanjani

Alhamisi, Njiru

Na huyu naye amekataa. Wakala wa bima niliyeletewa na shemeji alikaa kwenye kochi langu, akanywa chai vikombe viwili, akanisikiliza vizuri mpaka nilipotaja mashindano ya pikipiki.

"Dada, hayo ni ya kujitakia."

Nikamuuliza, je, nikigongwa na lori Kangundo Road nikienda kazini? Bima inalipa. Na kama sijavaa helmeti? "Hata hapo tutaongea."

Lakini Jumapili, uwanjani, nina helmeti, nina kinga ya kifua, ambulensi imeegeshwa pembeni, hapo ndipo hawanijui kabisa.

Naogopa, sitajidanganya. Bega nililovunja mwaka jana lilitibiwa kwa mchango wa kanisa, na tangu hapo mama haketi tena viti vya mbele kanisani. Nikianguka tena, sijui ataketi wapi.

Nilipomsindikiza wakala getini, akauliza Jumapili tunaanza saa ngapi. Watoto wake wanapenda sana pikipiki. Akaniomba niwashikie nafasi pale kwenye kona, pale tunapoangukia.